Tunajuaje Kwamba Watoto Wamepata Nafuu?
Maelezo mafupi ya takwimu kwa kamati za sharika na marafiki wa mradi



Taarifa za vikundi vya faraja kwa watoto waliofiwa na wazazi huwa na sentensi moja ambayo wengi wetu tunaifahamu: "Watoto wameonyesha mabadiliko makubwa." Ni sentensi ya kutia moyo, na mara nyingi aliyeiandika ameona kwa macho yake mtoto aliyekuwa hasemi akianza kucheza na wenzake. Lakini mfadhili anapoisoma huuliza: makubwa kiasi gani? Na je, yametokana na kikundi au yangetokea hata bila kikundi?

Maswali haya hayatokani na kutoaminiana. Fedha za mradi ni chache, na watoto wanaohitaji msaada wako Chome, Vudee, Mbaga na Mamba kama walivyo Hedaru na Makanya. Tukiendeleza huduma isiyosaidia, tunamnyima mtoto ile ambayo ingemsaidia. Tukiacha huduma inayosaidia kwa sababu tu hatukupima vizuri, hasara ni ileile. Katika toleo hili tunaeleza kwa lugha ya kawaida jinsi wanasaikolojia wanavyopima, na jinsi kamati inavyoweza kusoma matokeo yao bila kuogopa hesabu.

KUPIMA KITU KISICHOONEKANA

Uzito wa mtoto hupimwa kwa mizani kliniki. Huzuni haina mizani, kwa hiyo hupimwa kwa dodoso. Dodoso moja linalotumika sana duniani kwa watu wazima, liitwalo PHQ-9, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukata tamaa na mengineyo. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla huwa kati ya 0 na 27. Alama zikiwa nyingi, hali ni nzito zaidi. Kwa watoto yapo madodoso yao, na mara nyingi mlezi naye huulizwa.

Dodoso lililotungwa ng'ambo haliwi sahihi kwetu kwa kutafsiriwa tu. Kwetu mtu aliyeelemewa anaweza kusema "nina mawazo" au "moyo ni mzito", wala asitaje neno sonona. Ndiyo maana watafiti hulijaribu dodoso kwanza kwa watu wa mahali husika. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kazi ya namna hiyo: walichunguza kama dodoso la kigeni la maswali 25 linawatambua kweli wajawazito wenye VVU waliokuwa na sonona jijini Dar es Salaam. Kamati ikiletewa dodoso, swali la kwanza liwe hili: limejaribiwa wapi, na kwa lugha gani?

WASTANI NA MTAWANYIKO

Tukishapata alama za watoto wote, tunazijumlisha na kugawanya kwa idadi yao. Huo ni wastani. Wastani ni mtumishi mzuri lakini anaweza kupotosha. Chukulia kikundi cha VICOBA chenye wanachama 10. Tisa wameweka akiba ya shilingi 20,000 kila mmoja, na mfanyabiashara mmoja ameweka 420,000. Wastani ni shilingi 60,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja aliyekiweka. Tukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu na kumtazama wa katikati, tunapata 20,000, na hiyo inaeleza vizuri zaidi hali ya kikundi.

Kwa hiyo pamoja na wastani lazima tuulize juu ya mtawanyiko, yaani alama za watu zimesogeleana au zimeachana kwa kiasi gani. Darasa ambalo watoto wote wamepata kati ya 48 na 52 si sawa na darasa ambalo wengine wamepata 10 na wengine 90, ingawa wastani wa yote mawili unaweza kuwa 50. Mbele tutaona kwamba mtawanyiko ndio unaoamua kama tofauti tuliyoiona ni ya kuaminiwa.

NADHARIA TETE: KUANZA NA SHAKA

Mtafiti huanza na kauli inayoweza kupimwa, inayoitwa nadharia tete. Kwa mfano: "Watoto watakaohudhuria kikundi cha faraja kwa wiki 12 watakuwa na alama za chini za huzuni kuliko wasiohudhuria." Pembeni yake huwekwa kauli ya kinyume: "Kikundi hakileti tofauti yoyote, tofauti itakayoonekana ni ya bahati tu." Kauli hii ya pili ndiyo inayopelekwa mbele ya ushahidi. Ni kama mahakamani, ambako mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Tunashikilia kwamba hakuna tofauti mpaka takwimu zitulazimishe kuiacha kauli hiyo.

Mfano maarufu wa jambo hili unahusu chai. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, bibi mmoja alidai kwamba kwa kuonja tu anaweza kujua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Mwanatakwimu Ronald Fisher alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1935 namna ya kupima dai kama hilo. Andaa vikombe 8, vinne vya aina moja na vinne vya aina nyingine, kisha uvichanganye. Mwonjaji achague vinne anavyodhani maziwa yalitangulia. Zipo njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na ni moja tu iliyo sahihi kabisa. Kwa hiyo mtu anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 70 ya kupata vyote, yaani takribani asilimia 1.4. Akivipata vyote, ni vigumu kusema amebahatisha.

KUTOKA VIKOMBE HADI WATOTO

Tuchukue sasa mfano wa kubuni. Tuna watoto 8 ambao wastani wa alama zao za huzuni ni 15. Tunapiga kura: wanne wanaanza kikundi, wanne wanasubiri awamu ya pili. Baada ya wiki 12 tunapima tena:

- Walio kikundini: 6, 7, 8, 9. Wastani ni 7.5.
- Wanaosubiri: 11, 12, 14, 15. Wastani ni 13.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba wanaosubiri nao wameshuka, kutoka 15 hadi 13, bila huduma yoyote ya kikundi. Taarifa inayosema "alama zimeshuka kwa 7.5" haisemi uongo, lakini sehemu ya nafuu hiyo ingekuja yenyewe. Sehemu tunayoweza kuihusisha na kikundi ni tofauti kati ya makundi mawili, yaani 5.5.

Jambo la pili: je, tofauti hiyo ya 5.5 inaweza kuwa ya bahati? Hapa tunarudi kwenye vikombe. Zipo njia 70 za kuwagawa watoto 8 katika makundi mawili ya wanne wanne. Kama kikundi hakina kazi yoyote, kila mgawanyo una nafasi sawa ya kutokea. Kati ya hizo 70, ni 2 tu zinazoleta tofauti kubwa kiasi hiki: huu tulioupata, na kinyume chake kabisa. Mbili kati ya 70 ni takribani asilimia 2.9. Kwa desturi watafiti wengi wameweka mpaka wa asilimia 5. Chini ya hapo wanaikataa kauli ya "hakuna tofauti".

Sasa tubadilishe alama bila kugusa wastani:

- Walio kikundini: 2, 5, 9, 14. Wastani ni 7.5.
- Wanaosubiri: 4, 12, 17, 19. Wastani ni 13.

Tofauti ni ileile ya 5.5, lakini alama zimetawanyika na makundi yameingiliana. Tukihesabu migawanyo inayoleta tofauti ya 5.5 au zaidi, tunapata 20 kati ya 70, karibu asilimia 29. Bahati tupu ingeweza kuleta matokeo haya kwa urahisi. Ndiyo maana wastani mbili pekee hazitoshi kwenye taarifa. Lazima tuone idadi ya watoto na mtawanyiko wao.

Tahadhari moja hapa. Asilimia 2.9 haimaanishi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 97 kuwa kikundi kinafanya kazi. Inasema hivi tu: kama kikundi hakina kazi, matokeo ya namna hii yangekuwa nadra. Hata wasomi huchanganya kauli hizi mbili.

USHAHIDI KUTOKA MOSHI NA BUNGOMA

Tunao mfano halisi, tena mkoani kwetu Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Marekani walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na mzazi inaweza kutolewa na washauri wa kawaida kutoka jamii, watu wasio na uzoefu wa awali wa afya ya akili, baada ya kufundishwa.

Walianza na jaribio dogo hapa Tanzania lililochapishwa mwaka 2014. Watoto 64 na walezi wao walihudhuria vikundi, mjini na vijijini. Alama za huzuni na za mshtuko wa kufiwa zilishuka sana, na nafuu hiyo ilikuwepo hata miezi 12 baadaye. Watafiti hupima ukubwa wa mabadiliko kwa kugawanya tofauti ya wastani kwa mtawanyiko. Kwa desturi 0.2 huhesabiwa ndogo, 0.5 ya kati na 0.8 kubwa. Katika jaribio hili dalili za mshtuko zilishuka kwa 1.87 kati ya mwanzo na mwisho wa tiba. Kwa kipimo chochote hilo ni badiliko kubwa mno.

Wengi wetu tungeishia hapo na kuandika taarifa ya ushindi. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na watafiti wenyewe walijua hilo. Hivyo kati ya mwaka 2013 na 2015 walifanya jaribio kubwa zaidi kwa watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, Moshi kwa upande wa Tanzania na Bungoma kwa upande wa Kenya, mjini na vijijini. Kwa njia ya kura, baadhi walipata tiba ya vikundi na wengine waliendelea na huduma za kawaida zinazotolewa kwa yatima katika maeneo hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 na Shannon Dorsey na wenzake katika jarida la JAMA Psychiatry.

Mwishoni mwa tiba, watoto wa vikundi walikuwa na hali bora kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Tofauti ilikuwa 1.04 Kenya vijijini, 0.56 Kenya mjini na 0.45 Tanzania mjini. Katika eneo la nne, Tanzania vijijini, tiba haikuonyesha kuzidi huduma ya kawaida. Baada ya miezi 12 tofauti ilibaki kubwa Kenya: 0.86 vijijini na 0.99 mjini. Tanzania ilikuwa karibu kutoweka: 0.09 vijijini na 0.11 mjini.

Je, watoto wa Moshi walirudi nyuma? Hapana. Wa makundi yote mawili walipata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana. Hapa ndipo kundi la kulinganisha linapoonyesha thamani yake. Bila kundi hilo, Moshi ingeonekana imefanikiwa sawasawa na Bungoma.

Watafiti walieleza kwamba watoto wa upande wa Kenya walikuwa katika mazingira magumu zaidi: uhaba mkubwa wa chakula, afya duni ya walezi, na matukio mengi zaidi ya kutisha. Huenda mtoto mwenye mizigo mingi hapati nafuu kwa kupita kwa muda tu, na hivyo tiba humfaa zaidi. Kwetu hili ni swali la kazi. Wilaya ya Same ina milima yenye mvua na ina tambarare zenye ukame. Hatuwezi kuchukua jibu la Moshi na kulibandika Makanya bila kupima, wala jibu la Bungoma.

KWA NINI HALI HUBADILIKA YENYEWE?

Zipo sababu nyingi, na hizi tatu tunakutana nazo mara kwa mara:

1. Tunawachagua walio katika hali mbaya zaidi siku ile. Mtoto aliyeamka na homa, au aliyelala njaa, atapata alama nzito. Siku nyingine atakuwa nafuu hata kama hatukumfanyia lolote. Kila tunapochagua walio pembeni kabisa, kipimo cha pili huwarudisha kuelekea wastani.

2. Majira. Tukipima mwezi Oktoba, kabla ya mvua za vuli, ghala nyingi za tambarare zimekwisha. Tukipima tena Februari baada ya mahindi ya vuli, nyumba ina chakula na mama anacheka. Sifa zinakwenda kwa mradi, kumbe ni za mvua.

3. Anayeulizwa hutaka kumpendeza anayeuliza. Mtoto akiulizwa na mwalimu wa kikundi chake, akijua sare ya shule imetoka hapohapo, atasema yuko vizuri. Afadhali aulizwe na mtu asiyejua mtoto yuko kundi gani.

Wazo la kulinganisha si geni kwa msomaji wa Biblia. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli, vijana wanne wanakula mboga na kunywa maji kwa siku kumi, kisha sura zao zinalinganishwa na za vijana waliokula chakula cha mfalme. Upo muda maalum, lipo kundi la pili, kipo kipimo. Mtafiti wa leo angeongeza kura, maana Danieli na wenzake walijichagua wenyewe, na huenda walitofautiana na wale wengine tangu mwanzo.

MAKOSA MAWILI YA KUJIHADHARI NAYO

Kosa la kwanza ni kuona kitu ambacho hakipo. Tukiweka mpaka wa asilimia 5, tunakubali kudanganywa na bahati mara 1 kati ya 20. Sasa dodoso likipima mambo 20 yasiyohusiana, na mradi haubadilishi hata moja, bado upo uwezekano wa takribani asilimia 64 kwamba angalau jambo moja litaonekana limebadilika. Ndiyo maana jambo kuu la kupimwa huandikwa kabla ya kuanza, si kutafutwa baadaye ndani ya rundo la majibu.

Kosa la pili ni kutoona kitu kilichopo. Tukipima watoto wachache sana, tofauti ya kweli inaweza kujificha ndani ya mtawanyiko, kama tulivyoona katika mfano wetu wa pili. "Hatukuona tofauti" si sawa na "tofauti haipo". Mradi mdogo wenye watoto 12 usihukumiwe kwa hesabu hizi peke yake.

Tuongeze na hili: sampuli. Tukipima sharika zilizo kando ya barabara kuu ya Arusha na Dar es Salaam tu kwa sababu gari linafika kirahisi, matokeo yatasema habari za barabarani. Chome, Vudee na Mamba hawatakuwa wamesema lolote.

JE, NI HAKI WENGINE WASUBIRI?

Wazee wa kanisa huuliza swali hili, na wana haki ya kuliuliza. Jibu letu lina sehemu tatu. Kwanza, mara nyingi fedha hazitoshi kuwahudumia wote kwa pamoja, kwa hiyo wapo watakaosubiri hata bila utafiti. Kura ya wazi mbele ya kamati ni ya haki kuliko kuwaanza watoto wa wanaofahamiana na viongozi. Pili, anayesubiri hanyang'anywi huduma aliyokuwa nayo, na zamu yake hupangwa tangu mwanzo. Tatu, mtoto mwenye dalili za hatari, kama kutaka kujidhuru au kunyanyaswa nyumbani, haingizwi kwenye kura. Anapelekwa mara moja hospitalini na kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, ridhaa ya mlezi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutunza siri za walengwa ni wajibu wa kisheria pia. Majina na picha za watoto hazina nafasi kwenye jedwali la takwimu.

MAMBO YA KUANGALIA KATIKA TAARIFA

Kamati au mfadhili anapopokea taarifa yenye takwimu, tunashauri aulize haya:

- Walipimwa watoto wangapi mwanzoni, na wangapi mwishoni? Walioacha wamekwenda wapi?
- Kulikuwa na kundi la kulinganisha? Lilichaguliwa kwa kura au kwa hiari?
- Mtawanyiko umetajwa, au wastani tu?
- Jambo kuu la kupimwa liliandikwa kabla?
- Tofauti ni kubwa kiasi gani katika maisha ya mtoto? Katika kundi kubwa sana hata tofauti ndogo isiyo na maana hupita mpaka wa asilimia 5.
- Kipimo kilirudiwa baada ya miezi kadhaa?

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mratibu akileta taarifa kwamba makundi mawili yalikuwa sawa, isihesabiwe kuwa mradi umeshindwa. Taarifa ya Moshi ilikuwa ya namna hiyo, nayo imetufundisha kuheshimu huduma za kawaida ambazo wainjilisti, walimu na akina mama wa sharika wamekuwa wakizitoa kwa miaka mingi bila kupimwa na mtu. Mratibu akiogopa kunyimwa fedha, atatafuta takwimu za kupendeza, na atakayepata hasara ni mtoto.

Kwa kamati za sharika, tunaomba mwendelee kutuandikia yale mnayoyaona kwa macho. Habari ya mtoto mmoja aliyeanza kucheza tena hutuonyesha mahali pa kutazama na swali la kuuliza. Takwimu hutusaidia kujua kama wenzake nao wamefika hapo, na kwa nini.